HOFU ILIYOFICHWA NYUMBANI



Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi habari za mgeni mmoja anayekaa katika nyumba nyingi za Wakristo, katika nchi ya Shinyanga na Kahama, na katika vijiji vya wachimba dhahabu huko Geita, wala hakuna amtajaye. Mchana haonekani. Kanisani haketi pamoja nasi. Lakini usiku, taa ikiisha kuzimwa na watoto wakiisha kulala, ndiye azungumzaye na baba, ndiye azungumzaye na mama, kila mmoja peke yake. Jina la mgeni huyo ni Hofu.

Na tumfikirie baba mmoja. Hatumtaji jina, maana si mtu mmoja, ni wengi. Amebatizwa, amefunga ndoa kanisani, na watoto wake wanajua kusali. Shamba lake la pamba halikutoa kitu kwa ajili ya ukame, basi amekwenda kutafuta riziki katika duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu. Kila asubuhi hushuka kwa kamba mpaka mahali pasipofika jua. Matimba, yaani magogo yanayozuia mwamba usianguke, ni machache, na mengine yameoza. Juzi juzi amemzika mwenzake. Tena nyumbani mtoto wake mdogo ana homa ya kurudi-rudi, na majirani wameanza kunong'ona habari za bibi kizee mmoja wa ng'ambo ya kijito.

Jioni mkewe humwuliza, "Baba Maria, mbona huli?" Naye hujibu, "Sina neno." Jumapili mwalimu humwuliza, "Hujambo, ndugu?" Naye hujibu, "Sijambo, namshukuru Mungu." Tena siku ile mwalimu alipofundisha kwamba Mkristo haogopi kitu, baba huyu ndiye aliyeitika "Amina" kwa sauti kuu kuliko wote. Lakini kifuani mwake moyo ulikuwa ukipiga kama mchi katika kinu.

Hata usiku mmoja huinuka kimya, hujifunika shuka kichwani, hushika njia ya nyuma ya boma, akaenda kwa mpiga ramli.

Nani aliyempeleka? Wengine watasema, ni imani haba. Pengine. Lakini sisi twasema, aliyempeleka ni hofu, na hasa hofu iliyofichwa.

MFALME ALIYEJIGEUZA USIKU

Habari hii si mpya. Someni katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 28. Mfalme Saulo alikuwa amewafukuza waaguzi katika nchi yake, na watu wote walimjua kuwa adui wa mambo hayo. Lakini alipoliona jeshi la Wafilisti alitetemeka sana. Hatusomi popote kwamba aliwakusanya wazee wake akawaambia kweli kwamba moyo wake umelegea. Alivua mavazi ya kifalme, akavaa mengine, akaenda usiku kwa mwanamke mwaguzi wa Endori. Yule aliyepiga marufuku mchana ndiye aliyebisha hodi usiku.

Sasa mtazameni mtu mwingine, Yakobo, katika Mwanzo sura ya 32. Naye aliogopa sana, kwa kuwa Esau ndugu yake alikuwa akija na watu mia nne. Lakini yeye alipoomba hakujifanya shujaa. Alimwambia Mungu waziwazi kwamba anamwogopa ndugu yake, na kwamba anahofia mama na watoto. Akiisha kusema hivyo akafanya kazi: akawagawa watu wake, akatanguliza zawadi. Na kulipokucha aliwapita wote, akatangulia mbele mwenyewe, huku akichechemea. Haikuandikwa kwamba hofu ilimtoka kwanza ndipo akaenda. Alikwenda pamoja nayo.

Hata Bwana wetu mwenyewe, katika bustani ya Gethsemane, hakuwaficha rafiki zake watatu uchungu wa moyo wake. Aliwaambia, akawaomba wakeshe naye. Basi kama Yeye hakuona haya kusema, mimi na wewe twaona haya ya nini?

JINSI HOFU INAVYOFANYA KAZI

Mungu alipotuumba alitia hofu ndani ya mwili iwe mlinzi. Mtu akutanapo na nyoka njiani, hata kabla hajafikiri, moyo humwenda mbio, pumzi huwa fupi, jasho humtoka, na miguu hupata nguvu ya kuruka. Hayo ni mema. Bila hayo tungalikufa zamani. Lakini mlinzi huyu ana upungufu mmoja: hawezi kupambanua vizuri nyoka na kipande cha kamba. Huviona vyote viwili kuwa nyoka, akapiga kelele.

Ikiwa hofu ni ya dakika moja, mwili hutulia. Lakini ikiwa mtu huishi na hofu mwezi baada ya mwezi, mwili hauna nafasi ya kupumzika. Usingizi hutoroka. Kichwa huuma, tumbo huvuruga, kifua hubana, mikono hutetemeka. Mtu huwa mwepesi wa hasira kwa watoto, au hukimbilia pombe. Na hapa pana mtego mkubwa, ndugu zangu. Mtu asiyejua kwamba hizo ni dalili za hofu yenyewe husema, "Moyo wangu wapiga hivi, na usingizi sipati, bila shaka nimelogwa." Basi hofu huzaa dalili, na dalili huzaa hofu nyingine kubwa zaidi, hata mtu amezungukwa pande zote.

Wengine hudhani dawa yake ni kuisukuma hofu mbali na kujikaza. Mwaka 1987 mwalimu mmoja wa elimu ya akili huko Marekani, jina lake Daniel Wegner, alitoa habari za jaribio alilofanya pamoja na wenzake. Aliwaambia wanafunzi wasifikiri kabisa habari za dubu mweupe, mnyama wa nchi za barafu, na kila wamfikiripo wapige kengele. Kengele zikalia mara kwa mara. Tena baadaye, walipopewa ruhusa ya kumfikiri, walimfikiri zaidi kuliko wenzao ambao hawakukatazwa tangu mwanzo. Ndivyo lilivyo wazo la hofu: ukilifungia mlango wa mbele, huingia kwa mlango wa uani. Nao wazee wetu walikwisha kusema, mficha maradhi kifo humuumbua.

MAVUNO YA HOFU KATIKA NCHI YETU

Pengine msomaji atasema, "Hofu yangu ni yangu, yamhusu nani?" Yawahusu jirani zako, tena sana. Na tuseme kweli juu ya nchi yetu, ingawa inauma.

Simeon Mesaki, mtaalamu wa Kitanzania aliyechunguza mambo haya miaka mingi, alionyesha kwamba tangu mwaka 1970 hata mwaka 1984 watu 3,693 waliuawa katika Tanzania Bara kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Wanaume walikuwa 1,407, na wanawake 2,286. Zaidi ya nusu ya watu hao waliuawa katika nchi ya Wasukuma. Wengi walikuwa mama wazee, wajane, wenye macho mekundu.

Na macho hayo yalitoka wapi kuwa mekundu? Katika miaka ya 1920 na iliyofuata, misitu na vichaka vya Shinyanga vilikatwa kwa wingi ili kufukuza mbung'o wanaoua ng'ombe, na baadaye ili kupata mashamba ya pamba. Kuni zikaadimika. Mama zetu wakapika kwa vijiti vya pamba na kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, katika jiko lisilo na dirisha, miaka arobaini, miaka hamsini. Moshi ndio uliowatia wekundu machoni. Bibi amewapikia wana na wajukuu mpaka macho yakaharibika, kisha wekundu ule ule ukafanywa ushahidi wa kumwua! Tangu mwaka 1986 kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iitwayo HASHI, iliwasaidia watu kurudisha miti kwa desturi ya ngitili, yaani malisho yanayofungwa yapumzike. Miti ikarudi mahali pengi. Lakini bibi aliyeuawa harudi.

Halafu, tangu mwaka 2007, dunia yote ilianza kusikia habari za ndugu zetu wenye ualbino waliouawa na kukatwa viungo katika mikoa ya Ziwa. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumwua mtoto wa miaka 14 wa wilaya ya Bukombe, ambayo zamani hizo ilikuwa katika mkoa wa Shinyanga na sasa imo katika mkoa wa Geita. Mwezi wa Februari 2015, wilayani Chato, mtoto mdogo alinyakuliwa mikononi mwa mama yake akauawa. Watoto wengi wenye ualbino walipelekwa kukaa Buhangija, Shinyanga, ili wapate ulinzi, wakalelewa mbali na wazazi wao.

Kwa nini watu wafanye hivyo? Mwaka 2010 wachunguzi watatu, Deborah Bryceson na wenzake Jønsson na Sherrington, walitoa maandiko yaliyoonyesha jinsi mauaji hayo yalivyofungamana na hirizi ambazo baadhi ya waganga waliwauzia wachimbaji wa dhahabu. Kazi ya duara ni kazi ya bahati na ya mauti. Mtu aweza kuchimba miezi sita asipate kitu, na jirani yake akapata utajiri kwa siku moja. Aweza kushuka mzima asipande tena. Hofu ya namna hiyo ikikosa mahali pa kusemwa, hutafuta mahali pa kununua kinga. Na palipo na wanunuzi wenye hofu hapakosi muuzaji asiye na huruma. Mwezi wa Januari 2015 serikali ilipiga marufuku kazi ya wapiga ramli. Ilifanya vema. Lakini kumbukeni kwamba Saulo naye alikwisha kupiga marufuku. Sheria yaweza kuufunga mlango wa mpiga ramli. Haiwezi kuingia kifuani mwa mtu aendaye kubisha.

Basi mwaona, hofu yangu niliyoificha si yangu peke yangu. Aweza kuilipia bibi wa ng'ambo ya kijito, au mtoto wa jirani.

KUIKUBALI HOFU SI KUITII

Tufanyeje basi? Neno letu la mwezi huu ni hili: hofu ikubaliwe, isifichwe. Lakini hapa tuelewane vizuri. Kuikubali hofu si kuitii, wala si kusadiki kila isemalo.

Tutwae mfano wa mbwa wa nyumbani. Usiku wa manane mbwa anabweka. Mwenye nyumba mpumbavu ana njia mbili. Ya kwanza hujifunika blanketi na kusema, "Hakuna mbwa, mimi sisikii." Ya pili hukamata panga akatoka gizani na kumpiga yeyote atakayemkuta. Mwenye busara hafanyi hivyo. Huamka, husema, "Mbwa anabweka," huwasha taa, humwamsha mkewe, kisha huenda kutazama. Pengine ni fisi kweli, basi hufunga zizi. Pengine ni jani tu lililochukuliwa na upepo, basi hurudi kulala, ingawa mbwa atabweka bado kitambo. Hakumwua mbwa, maana mbwa ni mlinzi wake. Wala hakumwachia mbwa awe bwana wa nyumba.

Kubweka ni kweli. Habari za fisi ndizo za kuchunguza. Ndivyo ilivyo na hofu: kwamba naogopa ni kweli, wala si dhambi, lakini kwamba bibi yule amemloga mtoto wangu, hilo ni neno jingine kabisa.

Basi twawapa mashauri manne, yafaayo nyumba yoyote.

Kwanza, itaje hofu kwa jina lake. Usiseme tu, "Nina mawazo," au "Siku hizi sioni vizuri." Sema, "Naogopa duara litaniangukia." "Naogopa mtoto atakufa." "Naogopa wataniona maskini." Hofu isiyo na jina ni kama moshi, hujaza chumba chote, ikipewa jina hupata mahali pake na ukubwa wake.

Pili, iambie watu na Mungu. Ianze katika sala, kama Yakobo, bila kupamba maneno. Kisha mwambie mwenzi wako wa ndoa, au rafiki mmoja mwaminifu, au mwalimu wako. Hapa twakumbuka jambo lililotokea Nyangalata, wilayani Kahama, mwaka 2015. Mwezi wa Oktoba mwamba uliwafungia wachimbaji sita chini ya ardhi. Mmoja alikufa humo. Watano walikaa gizani siku 41, wakila mizizi, mende na vyura, na kunywa maji yaliyochuruzika mwambani. Waliokuwa juu walikwisha kukata tamaa. Lakini sauti zao zilisikiwa na wachimbaji wengine, na mwezi wa Novemba watano hao walitolewa hai. Fikirini kama wangaliona haya kupiga kelele! Wako watu wengi wanaotembea juu ya ardhi, wenye mioyo iliyofunikwa na mwamba, nao hawapigi kelele kwa kuwa waliambiwa kwamba Mkristo hapigi kelele.

Tatu, ichunguze hofu kwa taa. Je, yanionya juu ya hatari ya kweli? Hofu ya duara lenye matimba mabovu ni mshauri mwema. Mtu aliyeizima kwa hirizi hushuka kifua mbele, wala hatazami juu kuona ufa. Aliyeikubali husema kwa mwenye duara, "Bwana, leo hatushuki mpaka matimba yabadilishwe." Hivyo hofu yake imeokoa watu kumi. Na hofu ya homa ya mtoto itampeleka zahanati ili apimwe damu, maana malaria huua upesi. Tena taa hiyo itatuonyesha kwamba mara nyingine twaogopa kisichotudhuru, na kinachotudhuru hatukiogopi. Mtu huyakimbia macho mekundu ya bibi, kisha huketi jikoni karibu na watoto wake akichoma zebaki ili apate dhahabu, na mvuke wake ni sumu ya kweli iharibuyo akili za watoto na viungo vya mwili.

Nne, hofu iliyobaki ibebe, ukaendelee na kazi yako njema. Baada ya kuitaja, kuisema na kuichunguza, itabaki kiasi. Ukame u katika mkono wa Mungu, mauti pia. Hapo usipigane nayo tena. Moyo ukipiga, keti, vuta pumzi polepole, uitoe polepole zaidi, useme, "Hii ni hofu, imekuja, nayo itapita." Kisha inuka ukalime, ukapike, ukafundishe. Yakobo alichechemea, lakini alitangulia.

BENCHI LA AKINA BIBI

Mwaka 2006, katika mji wa Harare, nchi ya Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Dixon Chibanda aliona kwamba wenye huzuni na mahangaiko ni wengi mno, na madaktari wa kazi yake ni wachache mno. Akawatafuta akina bibi 14 wa mtaa wa Mbare, wanawake wa kawaida waliokuwa wakisaidia kazi za afya, akawafundisha kuketi na watu na kuwasikiliza. Kila bibi aliketi juu ya benchi la mbao nje ya zahanati, na mwenye taabu akaketi karibu naye. Kwa Kishona taabu hiyo huitwa kwa neno lenye maana ya kufikiri kupita kiasi, na kazi ya kwanza ya bibi huitwa kufungua mawazo. Bibi hakaripii. Humwacha mtu aseme yote, kisha humsaidia kuchagua tatizo moja la kushughulikia kwanza.

Mwaka 2016 ilichapishwa habari ya uchunguzi wa wagonjwa 573. Baada ya miezi sita, wale walioketi na akina bibi walikuwa wamepata nafuu ya huzuni na mahangaiko kuliko wale waliopewa matunzo ya kawaida.

Litafakarini jambo hili, wapenzi. Huku kwetu hofu iliyofichwa ilimtafuta bibi usiku kwa panga. Kule, hofu iliyosemwa imempata bibi mchana, juu ya benchi, naye akawa tabibu wake. Bibi ni yule yule, mwenye mvi, mwenye macho yaliyochoka, aliyezika wana na kupitia njaa nyingi. Nasi husema, penye wazee haliharibiki neno. Basi kila usharika una akina bibi wa namna hiyo. Je, kuna benchi?

NENO KWA WALIMU

Ndugu walimu, ninyi mna sehemu kubwa katika jambo hili. Mtu akija kwenu na kusema, "Mwalimu, naogopa kulogwa," msimcheke, wala msimwambie mbele ya watu kwamba imani yake ni bure. Mkimwaibisha mara moja hatarudi kwenu tena. Ataitika "Amina" kwa sauti kuu, na usiku atafuata njia ya nyuma ya boma. Mshukuruni kwa kuwa amesema. Mwulizeni, "Tangu lini? Unapata usingizi? Nani mwingine ajuaye?" Na mkiwa ninyi wenyewe mmewahi kuogopa, mwambieni hivyo. Nabii Eliya alipokimbia jangwani akatamani kufa, Mungu hakuanza kwa kumkaripia. Alimpa usingizi, mkate na maji kwanza.

Mkisikia kwamba mtu ametajiwa jina la jirani na mpiga ramli, jambo hilo msilifanye siri. Nendeni kwa viongozi wa kijiji upesi, na mtembeleeni huyo aliyetajwa, mkae naye, watu waone. Na watoto wenye ualbino wafundisheni pamoja na wenzao, mkieleza wazi kwamba ngozi yao imekosa rangi kwa urithi kutoka kwa baba na mama wote wawili, wala hakuna bahati wala mkosi ndani ya mwili wao.

Tena jueni mpaka wa kazi yenu. Hofu ikimzuia mtu kula na kulala wiki nyingi, au akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au akisema afadhali afe, huyo ni mgonjwa, apelekwe hospitali. Kupelekwa Bugando huko Mwanza, au Mirembe huko Dodoma, si aibu, kama vile si aibu kupelekwa kwa mguu uliovunjika.

JIONI MOJA

Twarudi kwa baba yule tuliyemwacha njiani usiku. Na tumfikirie kwamba kabla ya kufika kwa mpiga ramli aligeuka, akarudi nyumbani. Mkewe hakuwa amelala. Akaketi kitandani akasema, "Mama Maria, mimi naogopa. Naogopa shimo, na namwogopea mtoto."

Mkewe akanyamaza kidogo, kisha akajibu, "Nami naogopa, baba. Nimeogopa tangu masika."

Wakakaa hivyo. Hakuna muujiza uliotokea. Shimo lilikuwa bado shimo, na mtoto alikuwa bado na homa. Lakini kulipopambazuka mama alimbeba mtoto mgongoni akaenda zahanati, na baba alikwenda kuzungumza na mwenye duara habari za matimba. Na jioni, kwa kuwa walikuwa wameambiana yote, waliweza kuambiana na hili: kwamba walikuwa wameanza kumfikiria vibaya bibi wa ng'ambo ya kijito. Wakaona haya. Jumapili baada ya ibada walivuka kijito kwenda kumwamkia.

MANENO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

Baba na mama na wayasome haya pamoja jioni, na kila mmoja apewe nafasi ya kujibu bila kukatizwa.

1. Ni hofu gani ambayo sijaitaja katika nyumba hii?
2. Hofu hiyo yanionya juu ya hatari ya kweli? Kama ndiyo, kesho nitafanya nini?
3. Je, kuna jirani ambaye nimemwonea kwa ajili ya hofu yangu?
4. Ni nani katika kijiji chetu aogopaye peke yake, na ni nani atakayeketi naye wiki hii?

Mungu awabariki ninyi na nyumba zenu, na awape usingizi.